Mjomba wake Rosa yuko wapi?

Kwa jioni tatu nilimsomea bibi mmoja wa Mnero, Nachingwea, riwaya ya Rosa Mistika, tumekaa barazani, yeye ungo wa mbaazi mapajani, mimi kitabu. Tukafika pale Zakaria, baba yake Rosa, anapoinasa barua ya kijana Charles na kumshukia binti yake kwa kipigo. Bibi akasimamisha mkono. Nilidhani atailaani fimbo, au atauliza mama mtu anangoja nini. Akaniuliza: "Sasa mjukuu wangu, mtoto huyu hana mjomba?"

Sikuwa na la kumjibu. Tahakiki nilizosoma za riwaya hiyo zinauliza juu ya malezi, dini, ukware wa mabwana wakubwa na udhaifu wa Rosa mwenyewe. Sikumbuki hata moja iliyomtafuta mjomba. Kwa Wamwera, watu wa bibi huyu, kama kwa jirani zao Wayao, Wamakua na Wamakonde, ukoo kwa asili hufuata upande wa mama. Mwanamume akioa huhamia ukweni, hulima huko, na watoto anaowazaa ni wa ukoo wa mkewe. Neno la mwisho juu ya mtoto, liwe la ndoa, la unyago au la kesi, ni la mjomba wake. Siku hizi mambo yamechanganyika: msikiti, misheni ya Wabenediktini, shule na korosho vimempa baba nguvu ambazo babu yake hakuwa nazo. Lakini bibi alisikiliza kwa sikio la zamani, na alichokisikia ni nyumba yenye kasoro: mwanamume anapiga mtoto wa ukoo wa watu na hakuna wa kuja kumuuliza.

Swali lile lilinirudisha kwenye rafu. Nilitaka kujua ni nyumba ya namna gani inayomtia mwanamke wazimu katika hadithi, na kwa nini katika riwaya zetu mwanamke anayeonewa hufa kabla akili yake haijapata nafasi ya kuugua.

Ulaya na Marekani njia hii ilichongwa mapema. Mary Wollstonecraft wa Uingereza aliacha riwaya isiyokamilika, ikachapishwa 1798, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ni habari za mke mwenye akili timamu ambaye mumewe amemfungia katika nyumba ya vichaa. Mwaka 1847 Charlotte Brontë akatoa Jane Eyre, na humo darini kuna Bertha, mke wa kwanza wa Bwana Rochester, aliyeletwa kutoka Jamaika. Bertha hasemi. Anacheka, anauma, anachoma nyumba. Ilibidi ipite zaidi ya karne ndipo Jean Rhys, mzaliwa wa visiwa vya Karibi, amwandikie riwaya yake mwenyewe mwaka 1966 na kumpa kinywa.

Kati ya hao wawili yuko Mmarekani Charlotte Perkins Gilman, na kwake nitakaa kidogo. Mwaka 1885 alijifungua mtoto wa kike, akaingia katika huzuni isiyoinuka. Mwaka 1887 akapelekwa kwa Silas Weir Mitchell, daktari mwenye jina kubwa wakati ule kwa tiba ya kupumzisha: mgonjwa alazwe, alishwe, asisome, asifikiri sana. Gilman alieleza baadaye kwamba alirudishwa nyumbani na agizo la kushika maisha ya kinyumbani na kutogusa kalamu tena, na kwamba agizo hilo lilimfikisha ukingoni mwa kupoteza akili kabisa. Akalitupa, akaandika. Mwaka 1892 ikatoka hadithi yake fupi juu ya mwanamke aliyetoka kuzaa, ambaye mumewe, daktari, anamweka katika chumba cha juu chenye vyuma madirishani na kitanda kilichopigiliwa sakafuni. Ukutani kuna karatasi ya rangi ya njano. Hana kazi, hana kalamu ila kwa kuiba, hana mtu wa kusema naye, basi anaitazama karatasi. Mwishowe anaona nyuma ya michoro yake kuna mwanamke anayetambaa, anatafuta pa kutokea.

Nilimsimulia bibi kisa hiki pia. Alicheka mwanzoni. "Amekatazwa kazi? Na kuni anachanja nani?" Halafu akanyamaza, akaendelea na mbaazi zake, na baada ya muda akasema kitu ambacho sijakisoma kwa mhakiki yeyote. Alisema, na sisi tunamweka mzazi ndani. Siku arobaini. Hachoti maji, hapiki, analishwa uji, anakandwa kwa maji ya moto. "Lakini hatumwachi peke yake. Huyo mwenzetu nani alikuwa akimkanda?"

Hapo ndipo penye tofauti. Kwa Gilman mwanamke amewekwa ndani bila wanawake wenzake; mlango ukifungwa anabaki yeye, mume na ukuta. Huku kwetu mwali huwekwa ndani na mzazi huwekwa ndani, ila ndani mna bibi, shangazi, somo na majirani, na mengi yasiyosemwa mbele ya wanaume husemwa humo. Karl Weule, Mjerumani aliyepita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 akikusanya habari za mila, aliandika sana juu ya unyago wa wasichana, na hata yeye, mgeni mwenye kamera na dharau zake za wakati ule, aliona kwamba kuna jambo la wanawake ambalo wanaume wa huku wanakaa nalo mbali. Sisemi ndani ya unyago hamna uonevu. Umo: binti anafundishwa kuvumilia, na anafundishwa na mwanamke mwenzake, jambo linalouma zaidi. Lakini si upweke. Na ule wazimu wa fasihi ya mwanzo ya wanawake wa Magharibi ni ugonjwa wa upweke kabla ya kuwa ugonjwa wa kitu kingine.

Kuna shahidi wa pwani yetu aliyeishi nyumba zote mbili. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa Zanzibar mwaka 1844 katika jumba la Mtoni lililojaa masuria, watoto, watumwa na kelele. Mwaka 1866 alitoroka kwa ajili ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akabatizwa Emily, akaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu na kumwachia watoto wadogo watatu. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, miaka sita kabla ya hadithi ya Gilman, na humo anatetea kwa ukali hoja ya kwamba mwanamke wa Zanzibar hakuwa mnyonge kama wazungu walivyodhani. Mtu anaweza kubishana naye. Yeye alikuwa binti wa mfalme, na aliyemchotea maji hakuandika kitabu. Lakini barua zake nyingine, ambazo hazikuchapishwa maishani mwake, zinaonyesha mtu mwingine: baridi, lugha asiyoijua, vyumba vilivyonyamaza, kilio. Mtoto wa jumba lenye watu mamia alipata sonona yake katika nyumba ya mke mmoja na mume mmoja, ile nyumba iliyosifiwa kuwa ndiyo ustaarabu. Ingekuwa ni riwaya tungesema mwandishi amepanga makusudi.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1971 ni mwaka wa ajabu kidogo katika habari hii. Mwaka huo Euphrase Kezilahabi, kijana wa Namagondo, Ukerewe, alitoa Rosa Mistika. Mwaka huo huo Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa, ambayo katika kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kipigo, na katika kifungu cha 13 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 wakati mvulana alingoja 18, na kwa idhini ya mahakama hata wakiwa na 14. Sheria moja, mkono mmoja unafuta, mwingine unaandika. Ilipofika 2016 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho cha umri kinapingana na Katiba, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikaiunga mkono 2019.

Rosa anaishi katikati ya vifungu hivyo viwili. Jina lake ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania, na kila Mkatoliki wa Mnero aliyewahi kusali rozari mwezi wa kumi ameshalisikia. Baba amemzuia asisemeshwe na mvulana, akipata nafasi shuleni na chuoni Morogoro anawavamia wanaume kama mtu aliyefunguliwa kamba, anatoa mimba, anajaribu kutulia, Charles anamkataa kwa kuwa si bikira, anajiua. Riwaya ilizuiwa shuleni kwa muda, eti kwa sababu ya uchafu, wakati kilichokuwa kikionyeshwa uchafu wake ni nyumba na ofisi za watu wazima.

Nimekisoma kitabu hiki mara nyingi na bado nakipenda, lakini ukikisoma ukitafuta akili ya Rosa utapata shida. Tunaujua mwili wake vizuri: umepigwa, umetamaniwa, umebeba mimba, umekufa. Usiku wake wa mwisho unapita haraka. Hatujui alipolala macho wazi alikuwa akiwaza nini, wala ukuta wa chumba chake ulikuwa wa rangi gani. Msimulizi yuko nje, anajua yote, na ana haraka ya kutufundisha.

Miaka mitatu baadaye mwandishi yule yule alitoa Kichwamaji, na humo akatuonyesha kwamba akitaka kuingia ndani ya kichwa anaweza. Sehemu kubwa ya hadithi anaisimulia Kazimoto mwenyewe, mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa "mimi". Tunapewa ndoto zake, hofu zake, maswali yake juu ya Mungu na maana ya kuishi. Anapojiua tumeshakaa naye kichwani kurasa nyingi kiasi kwamba kifo chake ni hoja. Na dada yake? Rukia, msichana mdogo, alitiwa mimba na Manase, mwana wa mkuu wa wilaya, akafa. Mama yao naye akafuata kwa majonzi. Vifo vya wanawake wawili vinakuwa sababu ya mwanamume mmoja kufikiri.

Hivi ndivyo ninavyoona, na anayepinga aje na vitabu vyake: katika riwaya yetu ya miaka ya sabini na themanini mwanamume huugua akili, mwanamke huugua mwili. Mwanamume msomi akibanwa na dunia hupata falsafa. Mwanamke akibanwa hupata mimba, hupata ulevi, hupata maradhi, hupata kaburi. Said Ahmed Mohamed katika Utengano (1980) amekaribia kuivunja kanuni hii. Maimuna, binti wa Bwana Maksuudi, anafugwa ndani kama kuku, na mwandishi anatuacha tuone jinsi kufungiwa kulivyomharibia kipimo cha dunia: alipotoka hakujua kipi ni hatari na kipi ni mchezo. Hilo ni jambo la akili, na limeandikwa kwa ustadi. Lakini hata yeye, Maimuna akishatoka, hadithi inahamia kwenye pombe, danguro na sura iliyochakaa. Haki itendeke: tabia hii si yetu peke yetu. Virginia Woolf, mwanamke aliyeugua kweli, alipotaka kuandika wazimu mwaka 1925 aliutia katika kichwa cha askari mwanamume.

Kwa nini ikawa hivi? Sababu moja ni ya kikoloni na ina jina. J. C. Carothers, daktari aliyesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandikia Shirika la Afya Duniani kitabu kilichotoka 1953 juu ya akili ya Mwafrika, akidai kwamba Mwafrika hapatwi na sonona kama Mzungu, maana hana mzigo wa kujilaumu. Mwaka uliofuata aliandika juu ya Mau Mau, akageuza madai ya ardhi kuwa tatizo la saikolojia. Mwanamume Mwafrika alinyimwa huzuni akapewa kichaa. Mwanamke Mwafrika hakutajwa sana hata katika kunyimwa. Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe alimjibu mtu wa aina hii katika riwaya yake ya 1988, ambamo Nyasha, binti wa mwalimu mkuu, anakataa chakula, anazitafuna kurasa za kitabu chake cha historia kwa meno, na daktari mzungu anasema Waafrika hawaugui ugonjwa wa namna hiyo. Bessie Head, aliyezaliwa 1937 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Pietermaritzburg ambako mama yake mzungu alikuwa amewekwa, aliandika kuanguka kwake mwenyewe katika riwaya ya 1973, akiwa Botswana. Na hapa jirani, Rebeka Njau wa Kenya alitoa mwaka 1975 riwaya ya Selina, mwanamke wa mjini aliyeolewa akapelekwa kijijini kwa mama mkwe asiyemtaka, akaporomoka akili hadi kuua. Wote watatu waliandika kwa Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili aliwakuta baadaye, au hakuwakuta.

Sababu ya pili imo ndani ya lugha. Kiswahili kina maneno mengi ya wazimu, na karibu yote ni ya mtu anayeonekana: kichaa, chizi, mwehu, amerukwa na akili, katoroka Mirembe. Hili la mwisho linatoka Dodoma, hospitali iliyofunguliwa 1927, nayo kwa mtu wa Nachingwea iko mbali kiasi kwamba jina lake ni tusi kabla ya kuwa mahali. Mtu wa maneno hayo yuko barabarani, amevua nguo, anaokota makaratasi. Mwanamke anayeamka saa tisa usiku, anakaa kitandani, anatazama mlango mpaka kuche, hayumo humo. Yeye ana neno lake: ana mawazo. "Mwache, ana mawazo." Neno pole, halina dawa, na halimlaumu mtu yeyote. Akienda zahanati hasemi ana mawazo. Anasema kichwa, mgongo, mapigo ya moyo, tumbo linazunguka. Neno sonona limo katika vitabu, na redioni nalisikia, lakini barazani Mnero sijamsikia mtu akisema ameamka na sonona. Riwaya inayoandikwa kwa lugha hii ilimkuta mwanamke tayari amehamishiwa mwilini.

Na mama aliyetoka kuzaa, yule wa Gilman? Mtoto wake akinyong'onyea, kuna neno jingine linamsubiri: amembemenda. Yaani yeye au mumewe amekwenda nje ya ndoa, au wamekutana kabla ya wakati, na mtoto ndiye aliyelipa. Kwa maana ya neno lenyewe kosa linaweza kuwa la baba. Kwa mazoea macho humwelekea mama. Nimeona mama kijana amebeba mtoto mwenye miguu kama vijiti, anasimama foleni ya kliniki mbali kidogo na wenzake, na hakuna aliyemfukuza. Nafasi ile ya hatua mbili ilitosha. Ningekuwa mwandishi wa riwaya ningeanzia pale.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonichukua muda kuielewa. Wanawake wa nchi hii tayari walikuwa na fasihi yao ya maumivu ya akili, ina wahusika, ina mazungumzo, ina muziki, ina hadhira. Ni ngoma ya pepo. Waandishi waliipita mlangoni.

Niliwahi kualikwa kwenye kilinge katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Nachingwea kwenda Ruangwa, msimu wa korosho umeanza. Mwele alikuwa mama wa watoto wanne ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa halali, hali, mara analia mara ananyamaza. Ubani ulifukizwa mpaka macho yakawasha. Ngoma zikaanza taratibu, wanawake wakapokea kwa makofi, na yule mama, ambaye kwa siku zote nilizomjua aliongea akitazama chini, akaanza kutikisika mabega. Kisha kichwa. Kisha sauti ikatoka, nzito, ya amri. Fundi akaisalimu, akaiuliza inataka nini. Ikataka doti ya kanga mpya, isiyowahi kuvaliwa. Ikataka chupa ya marashi. Ikasema kiti chake kinapigwa, na haipendi kiti chake kupigwa.

Kiti ni yule mama. Pepo amemkalia, kwa hiyo ni kiti chake. Mume alikuwepo, amechuchumaa nyuma karibu na ukuta, kofia mkononi. Akajibu kwa adabu ambayo nadhani hajawahi kumpa mkewe: "Nimesikia, bwana. Nimesikia. Naomba muda, korosho bado hazijalipwa."

I. M. Lewis, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alitoa kitabu mwaka ule ule wa 1971 akieleza kwamba katika jamii nyingi pepo huwapanda zaidi wanawake na wanyonge, na kwamba ni njia ya kudai bila kudai: anayedai si mke, ni pepo, na pepo hapigwi talaka. Maelezo haya yamepingwa na wengine kwamba yanamfanya mwanamke aonekane mjanja anayeigiza, na mimi niliyemwona yule mama jasho likimtiririka siwezi kusema aliigiza. Lakini kilichodaiwa kilidaiwa. Ndani ya kilinge kile mwanamke alikuwa na kisa, mtesaji alitajwa, na umma ulishuhudia. Hivyo ndivyo vitu vitatu ambavyo Rosa alivikosa.

Waandishi wetu wa kwanza wengi walitoka seminari, shule za serikali na vyuo vya Azimio la Arusha. Kwa padri pepo ni ushetani, kwa mwalimu ni ushirikina, kwa mwanamapinduzi ni ujinga unaozuia maendeleo. Riwaya ikimtaja mganga, mara nyingi ni tapeli anayekula kuku wa watu. Wengine ni matapeli kweli. Lakini kwa kumfukuza mganga, riwaya iliifukuza pia sauti iliyokuwa ikitokea kinywani mwa mgonjwa, na haikumpa nyingine mahali pake.

Waandishi wanawake waliingia kwa mlango wa jukwaani. Penina Muhando alizaliwa Berega, Kilosa, mwaka 1948, katika nchi ya Wakaguru, nao pia ukoo wao hufuata mama. Tamthilia yake ya kwanza, Hatia (1972), ina msichana aliyerudi kijijini na mimba ya mjini. Katika Nguzo Mama (1982) hakuna chumba wala mwanamke mmoja mwenye ukuta wake. Kuna kijiji, na wanawake wengi wanaohangaika kuisimamisha nguzo isiyosimama, kila mmoja akivutwa na mume, pombe, watoto, njaa au wivu. Humo humo yumo mhusika aitwaye Chizi, na jina linasema. Sidai kwamba Berega ndiyo iliyoandika tamthilia. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia mahali ambapo nyumba ni ya mama na dada zake akitaka kuonyesha uonevu haanzi na mlango uliofungwa, anaanza na mzigo usiobebeka.

Na mzigo ndio habari ya Mnero. Mtu akija na jicho la Gilman atatafuta wanawake waliofungiwa na atawakuta shambani, kisimani, mnadani, wanatembea kilomita. Ndoa huvunjika bila kelele nyingi. Mwanamume huchukua baiskeli yake akaondoka, maana nyumba si yake. Kwa mwanamke wa Ukerewe ya Zakaria hiyo ingekuwa paradiso. Lakini watoto wanabaki, shamba linabaki, mama mzee anabaki, na mjomba, yule mwenye neno la mwisho, siku hizi yuko Dar es Salaam na simu yake haipatikani.

Korosho nazo zimepindua mizani. Mhogo na mtama havimfuati mtu. Ukivuna umekula, shamba linarudi kwa ukoo. Mkorosho unaishi miaka mingi, na aliyeupanda anasema ni wangu. Waliopanda na kuandikishwa kwenye vyama vya msingi wengi ni wanaume. Mwanamke anafagia chini ya miti, anaokota, anakausha, anabeba hadi ghalani. Stakabadhi inaandikwa jina la mume na fedha zinaingia akaunti yake. Msimu wa 2018 bei ilipogomewa, serikali ikatuma jeshi kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na nchi nzima ilijadili mkulima atalipwa lini. Nilisikiliza mijadala ile redioni wiki nyingi. Mkulima alikuwa "yeye", asiye mume wala mke, jinsi Kiswahili kinavyojua kuficha. Ni msimu huo wa fedha, si wa njaa, ambapo wanawake wa huku wanasema mawazo yanazidi, kwa kuwa ndipo mume anapooa wa pili au anapopotea mjini. Fundi wa pepo naye anajua kalenda yake.

Bibi hakuisubiri Rosa ifike mwisho. Nilipomwambia kwamba binti anajiua alisema basi, funga, na akaniuliza kama kile kitabu kiliandikwa na mtu aliyekuwa na dada. Alipochoka kuwasikiliza Zakaria na Charles alikuwa akiniambia habari za mama yake mdogo, ambaye enzi za mpango wa karanga wa Waingereza, reli ilipokuwa inajengwa kuja Nachingwea, mumewe alikwenda kibaruani asirudi. Mama huyo alikuwa akipandwa na pepo anayeongea Kiingereza. "Kiingereza gani, bibi?" Akasema hajui, hakuna aliyekijua, lakini kilikuwa kikali na kilikuwa kikiamrisha watu wapange mstari.

Asubuhi ya baada ya kilinge nilipita shambani kwa yule mama wa watoto wanne. Alikuwa anafagia chini ya mkorosho, amejifunga kanga ile ile kuukuu. Mpya ilikuwa bado dukani, ikisubiri malipo. Tukasalimiana. Nikamuuliza kwa kuzunguka kama anakumbuka lililosemwa usiku, lile la kupigwa.

Akaegemea fagio. "Mimi sikuwepo, mwalimu," akasema. "Waulize waliokuwepo."